Viti Vilivyobaki Wazi: Kanuni za Bunge Maalum la Katiba, 2014

Jumatano ya tarehe 16 Aprili 2014, Profesa Ibrahim Lipumba alipewa nafasi ya kuchangia katika ukumbi wa Bunge mjini Dodoma. Alizungumza kwa ukali, akamaliza, kisha yeye na wenzake wa Umoja wa Katiba ya Wananchi, UKAWA, yaani muungano wa vyama vya upinzani, wakasimama na kutoka nje. Tuliokuwa tunafuatilia kwenye televisheni tuliona safu nzima za viti zikibaki wazi. Wengi tulidhani watarudi baada ya siku mbili tatu, maana Watanzania tumezoea kuona wapinzani wakitoka na kurudi. Hawakurudi. Bunge Maalum liliendelea bila wao hadi tarehe 2 Oktoba, likatangaza kwamba Katiba Inayopendekezwa imepata theluthi mbili ya kura kutoka kila upande wa Muungano.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa vyama: CCM, chama tawala, na serikali zake mbili (ya Muungano na ya Zanzibar), UKAWA na serikali zao tatu (ikiongezwa ya Bara). Mimi nataka kukisoma upande wa kanuni, ambao haukupata wasomaji wengi. Naamini Bunge lile lilikuwa na kinga kubwa kwa walio wachache, kubwa kuliko ile inayopatikana katika kutunga sheria za kawaida, na bado kinga hiyo haikuzaa mazungumzo. Ililinda hesabu ya kura siku ya mwisho. Kwa miezi yote iliyotangulia, hakuna kilichowalazimisha walio wengi kumsikiliza mtu.

Kwanza, ukumbi ulivyojazwa. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba iliwaingiza wabunge wote wa Bunge la Muungano, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na wengine 201 walioteuliwa na Rais kutoka asasi za kiraia, dini, vyama vya siasa, vyuo, watu wenye ulemavu, wafanyakazi, wakulima, wafugaji na wavuvi. Jumla walikaribia 630. Hao 201 ndio waliobeba matumaini ya wananchi wengi, kwamba wangekuwa sauti isiyo na kadi ya chama. Lakini mtu anayefanya hesabu mapema aliona jambo moja: zaidi ya theluthi mbili ya ukumbi ni wanasiasa waliokwisha zoea kukaa upande wa kambi zao, na CCM ilikuwa na wingi mkubwa katika Bunge la Muungano. Mabishano juu ya muundo huo yalikuwa yametokea Septemba 2013, wakati muswada wa marekebisho ya sheria hiyo ulipopita bungeni huku wapinzani wakiwa nje. Baadaye Rais Kikwete alikutana na viongozi wa vyama Ikulu, baadhi ya mambo yakarekebishwa. Naukumbusha mkutano ule kwa sababu ulionyesha kwamba mazungumzo yaliwezekana. Tatizo ni kwamba yalifanyika Ikulu kwa hisani ya mtu mmoja, wala hayakutokana na kanuni ya Bunge.

Rasimu yenyewe ilitoka kwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Tume hiyo ilikuwa na wajumbe 15 kutoka Bara na 15 kutoka Zanzibar, pamoja na mwenyekiti na makamu wake. Ilizunguka nchi, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013, ikaipeleka kwenye mabaraza ya katiba, na tarehe 30 Desemba 2013 ikakabidhi rasimu ya pili. Rasimu ilipendekeza shirikisho la serikali tatu.

Bunge Maalum lilianza tarehe 18 Februari 2014 chini ya mwenyekiti wa muda, Pandu Ameir Kificho. Wiki nyingi zilimezwa na kutunga kanuni, na katikati ya wiki hizo ukazuka mjadala wa posho: wapo wajumbe waliosema shilingi 300,000 kwa siku hazitoshi. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Ila hasira hiyo ilifunika jambo zito zaidi lililokuwa likiendelea, yaani swali la namna ya kupiga kura, la nani aongee na kwa muda gani, na la hoja ipi itangulie.

Hesabu ya theluthi mbili

Sheria ilitaka kila ibara ipate theluthi mbili ya wajumbe wote wa Bara, na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Wajumbe wa Zanzibar walikuwa 219, kwa hiyo zilihitajika kura 146. Bara zilihitajika 274 kati ya 411. Ukiisoma harakaharaka unasema: hii ni kinga tosha. Zanzibar, ambayo kwa idadi ya watu ni sehemu ndogo sana ya Muungano, imepewa uwezo wa kusimamisha kila kitu. Wazanzibari 74 wakikataa, ibara imekwama.

Sasa iangalie kanuni hiyo kwa jicho la mtu aliyemo ukumbini. Theluthi mbili ilihesabiwa kwa wajumbe wote, waliohudhuria na wasiohudhuria. Maana yake ni kwamba mjumbe wa CUF, chama kimojawapo cha UKAWA, kutoka Pemba aliyebaki nyumbani alikuwa na uzito uleule wa mjumbe aliyekaa kitini na kusema "hapana". Kutoka nje hakukumpotezea kura. Kilichompotea ni kalamu: nafasi ya kubadili neno, kuongeza kifungu, kumshawishi jirani. Kwa upande wa pili, waliobaki ndani walijua kwamba hawana haja ya kukubaliana na UKAWA kama kundi. Walihitaji Wazanzibari 146, basi, mmoja mmoja: kutoka Baraza la Wawakilishi, kutoka wabunge wa CCM wa majimbo ya Unguja, kutoka kundi la 201. Kumpata mtu mmoja mmoja ni kazi rahisi kuliko kukaa mezani na kundi lenye msimamo.

Hapa ndipo ninapoona mzizi wa kisa kizima. Kanuni ilizipa pande mbili sababu ya kuachana. Anayetoka anaamini kura haitatosha bila yeye. Anayebaki anaamini akikusanya vizuri itatosha. Wote wawili wanangoja siku ya kuhesabu, na mpaka siku hiyo ifike hakuna anayemhitaji mwenzake. Huwezi kuwalaumu kwa tabia tu wakati mchezo wenyewe umepangwa hivyo.

Na kweli ilipofika siku ya kuhesabu, Bara ilivuka kwa nafasi kubwa. Zanzibar ilivuka kwa kura chache mno juu ya 146.

Kura ya wazi, kura ya siri

Mjadala huu nao ulichukua muda mrefu. Kamati ya kuandaa kanuni iliongozwa na Profesa Costa Mahalu. CCM kwa ujumla walitaka kura ya wazi, kwa hoja kwamba mwakilishi hana haki ya kuwaficha wananchi msimamo wake. UKAWA na wengi wa kundi la 201 walitaka ya siri, kwa hoja kwamba mjumbe akipiga kura mbele ya kiongozi wa chama chake anapiga kwa woga. Mwishowe ikapitishwa suluhu ya kuchanganya: kila mjumbe achague mwenyewe kupiga kwa wazi au kwa siri.

Suluhu hiyo ilionekana ya busara. Kwa maoni yangu ilikuwa mbovu kuliko zote mbili. Pale ambapo kila mtu anachagua, kuchagua siri kwenyewe kunatangaza jambo. Mjumbe wa chama kikubwa akiomba karatasi ya siri, jirani yake anajua kwa nini. Siri inamlinda mtu pale tu inapokuwa ya wote.

Mfano wake hauhitaji kutafutwa mbali. Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar wakati huo, alikwisha jiondoa kwenye kamati ya uandishi iliyoongozwa na Andrew Chenge. Kura ilipoitishwa alichagua kupiga kwa wazi, akazikataa baadhi ya ibara, ukumbi ukachafuka kwa kelele za kumzomea. Siku chache baadaye aliondolewa katika wadhifa wake. Unaweza kusema Mwanasheria Mkuu ni sehemu ya serikali na hawezi kuipinga serikali akabaki. Ni hoja inayostahili jibu. Lakini basi turudi nyuma kidogo: tulipomweka ndani ya Bunge la Katiba kama mjumbe, tulimtaka aandike katiba au aje kuhesabiwa? Kama kuna wajumbe ambao nafasi zao kazini haziwaruhusu kusema hapana, kuwahesabu ndani ya theluthi mbili ni kuongeza uzito wa upande mmoja wa mizani kabla biashara haijaanza.

Halafu ikaja kanuni ya kura za mbali. Septemba, Bunge lilibadili kanuni zake ili wajumbe walio nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda Hija Makka na waliokuwa kwenye matibabu, waweze kupiga kura huko waliko. Sina ugomvi na anayehiji wala na mgonjwa. Ugomvi wangu ni na wakati wenyewe. Kubadili kanuni ya kupiga kura wakati unajua kila kura ya Zanzibar ina thamani ya dhahabu, na huku wapinzani wako wako nje ya ukumbi, ni kuhamisha goli mpira ukiwa hewani. Kanuni ya kura inapaswa kufungwa kabla mtu yeyote hajajua nani atafaidika nayo. Kilichofuata hakikumshangaza mtu: malalamiko juu ya nani alihesabiwa, na upande gani.

Tume ilipoondoka ukumbini

Jaji Warioba alikuja kuwasilisha rasimu tarehe 17 Machi, akashindwa kwa sababu ya kelele. Wajumbe walibishania muda aliopewa na utaratibu wenyewe. Aliwasilisha kesho yake. Alieleza kwamba kati ya watu wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu, na kwamba kwa Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zenye mamlaka kamili zinazoshirikiana kwa mkataba, na 34 serikali mbili. Tarehe 21 Machi Rais Kikwete alikuja kuhutubia. Alizipitia takwimu zile moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba waliozungumzia muundo walikuwa sehemu ndogo tu ya watu wote zaidi ya 350,000 waliotoa maoni, na akaeleza hofu zake juu ya serikali ya tatu isiyo na chanzo cha mapato cha uhakika.

Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema kwamba yale ndiyo mabishano yaliyostahili kufanyika: jaji na rais, hoja kwa hoja, tarakimu kwa tarakimu, mbele ya taifa. Kama mtu akinyamaza juu ya muundo wa Muungano, je, kanyamaza kwa kuridhika au kwa kutofikiria? Swali kama hilo lina uzito wa kukalisha wataalamu wiki nzima. Ila Tume ilikwisha kabidhi kazi, na kwa mujibu wa sheria ikavunjwa. Hapakuwa na mtu ukumbini mwenye wajibu wa kujibu: takwimu hii tuliipata hivi, ibara hii tuliiweka kwa sababu hii. Rasimu ilibaki yatima. UKAWA waliidaka wakawa walezi wake, na kwa kuidaka wakaigeuza kuwa rasimu ya chama mbele ya macho ya CCM. Toka hapo kila aliyeitetea alionekana mpinzani, hata kama ni mchungaji au mvuvi wa kundi la 201.

Uamuzi mwingine uliofanya kazi kimyakimya ni wa mpangilio. Wajumbe waligawanywa katika kamati 12, na kamati zikaanza na sura ya kwanza na ya sita, yaani sura zile zile zenye muundo wa Muungano. Walianza na fundo gumu kuliko yote, watu wakiwa bado hawajafahamiana wala kukubaliana hata jambo moja dogo. Ndani ya kamati baadhi zilishindwa kupata theluthi mbili ya upande wa Zanzibar kwa muundo wowote, wa mbili wala wa tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Kamati ikikwama, kanuni nzuri ingesema: simameni hapa, iteni wasuluhishi, leteni pendekezo la tatu. Badala yake taarifa zilipanda ukumbini zikiwa na mkwamo wake, na ukumbi ukaendelea kuhutubiana. Vikao vya mashauriano vilivyoitishwa Julai vilikuja baada ya watu kwisha tukanana hadharani kwa miezi.

Wiki moja ya mjadala wa kweli

Ningekuwa sitendi haki nikisema hakukuwa na kizuri. Kanuni ziliruhusu kila kamati ilete taarifa yake pamoja na maoni ya wajumbe walio wachache, na maoni hayo yasomwe ukumbini na mtu wao wenyewe. Kwa siku chache za Aprili, nchi ilipata kitu ambacho sijakiona tena. Tundu Lissu aliposoma maoni ya walio wachache wa Kamati Namba Nne, aliibua swali la Hati ya Muungano: iko wapi hati yenyewe iliyosainiwa na Nyerere na Karume mwaka 1964? Unaweza kutopenda namna alivyoliuliza. Lakini siku zile zile Katibu Mkuu Kiongozi, Ombeni Sefue, aliitisha waandishi wa habari na kuionyesha hati hiyo. Hati ya miaka 50, ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona hata kwa picha, ilitolewa hadharani kwa sababu mtu wa upande wa wachache alipewa kipaza sauti kwa mujibu wa kanuni, akauliza swali lisiloweza kupuuzwa.

Narudia kuitazama wiki ile kwa sababu inaonyesha kilichokosekana sehemu nyingine. Maoni ya wachache yalikuwa na nafasi yake kwenye ratiba, haikuwa hisani ya mwenyekiti. Yalikuwa yameandikwa, kwa hiyo mtu angeweza kuyajibu kwa maandishi. Na yaligusa jambo linalothibitika. Siku mbili tatu baadaye UKAWA walitoka nje. Kanuni iliwapa sauti, haikuwapa uhakika kwamba sauti hiyo itabadili hata nukta moja. Hakuna kifungu kilichomtaka mwenyekiti wa kamati, au serikali, kujibu maoni ya wachache hoja kwa hoja kabla ya kura. Mtu akizungumza na ukuta siku ya kwanza atavumilia. Siku ya kumi atachukua mkoba wake.

Jambo linaloniuma zaidi ni aliyekuwa akikalia kiti. Samuel Sitta, aliyechaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Bunge Maalum mwezi Machi, alikuwa Spika kati ya 2005 na 2010. Katika kipindi chake Kanuni za Bunge za mwaka 2007 zilileta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku za Alhamisi, na kamati za kusimamia hesabu za umma zikaongozwa na wapinzani. Bunge lile liliunda kamati teule ya kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Wabunge wa chama tawala walikuwa wanasimama kuihoji serikali yao. Ukumbi ni ule ule na mtu ni yule yule. Mwaka 2007 kanuni ziliwapa wachache kazi ya kufanya: kuongoza kamati, kuuliza, kukagua vitabu. Mwaka 2014 ziliwapa kura ya kuzuia na muda wa kuhutubia. Tofauti ya tabia ya ukumbi sehemu kubwa imo humo.

Majirani walivyobeba mzigo huo huo

Kenya ilipita njia hiyo miaka minne kabla. Rasimu ya Kamati ya Wataalamu ilipofika Bungeni mwaka 2010, sheria ya mapitio ilitaka asilimia 65 ya wabunge wote ili kuibadili. Angalia mzigo umewekwa wapi: aliyetaka kubadili rasimu ndiye aliyetafuta kura. Wabunge walileta mapendekezo zaidi ya mia moja na hakuna hata moja lililofikia idadi. Rasimu ikapita tarehe 1 Aprili, na wananchi wakaikubali kwa karibu asilimia 67 tarehe 4 Agosti 2010. Kenya nako si kwamba kila kitu kilinyooka, kwa sababu mapema mwaka huo kamati teule ya wabunge ilikaa Naivasha ikageuza mfumo wa utawala kuwa wa rais, na wataalamu wakaufuata. Lakini kule Naivasha walikaa pande zote mbili za serikali ya mseto, kila upande ukijua kwamba Bungeni hakuna atakayefikisha 65 peke yake. Ndiyo maana walizungumza Naivasha.

Kwetu mzigo uliwekwa kwenye kupitisha. Kubadili rasimu ndani ya mchakato hakukuwa na kizuizi cha namna hiyo, na mwezi Septemba Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwandishi wa habari Saed Kubenea, iliona kwamba Bunge Maalum lina mamlaka ya kuibadili rasimu. Kisheria ikaisha hapo. Serikali tatu zikatoka, mbili zikarudi, na walioandika serikali tatu hawakuwa ukumbini kusema neno.

Afrika Kusini ilikuwa na Bunge la Katiba la watu 490 chini ya Cyril Ramaphosa, nalo likidai theluthi mbili. Ila katiba ya mpito iliandika mapema nini kitatokea theluthi mbili isipopatikana: jopo la wataalamu litafute maneno mengine, likishindwa waende kwa wananchi kwa kura ya maoni itakayohitaji asilimia 60. Na baada ya kupitisha, Mahakama ya Katiba ilipima maandishi dhidi ya misingi iliyokubaliwa tangu mwanzo, na Septemba 1996 ikayarudisha yarekebishwe. Hata huko, chama cha Inkatha kilitoka na hakikurudi. Hakuna kanuni inayomfunga mtu kitini kwa kamba. Tofauti ni kwamba Afrika Kusini mkwamo ulikuwa na njia ya kutokea iliyoandikwa kabla ya ugomvi kuanza.

Kwetu njia ya kutokea ilitafutwa nje ya ukumbi. Tarehe 8 Septemba 2014, chini ya Kituo cha Demokrasia Tanzania kilichokuwa kikiongozwa na John Cheyo, Rais Kikwete na viongozi wa vyama walikubaliana kwamba kura ya maoni isubiri hadi baada ya uchaguzi wa 2015, na kwamba katiba ya 1977 ifanyiwe marekebisho madogo: tume huru ya uchaguzi, mshindi wa urais kupata zaidi ya nusu ya kura, matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani, mgombea binafsi. Marekebisho yale hayakufanyika. Kura ya maoni ikapangiwa tarehe 30 Aprili 2015, kisha ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Haijafanyika hadi leo.

Ningebadili nini

Mwaka 2022 Kikosi Kazi kilichoongozwa na Profesa Rwekaza Mukandala kilipendekeza mchakato wa katiba mpya ufufuliwe. Watu wakabishana tena rasimu ipi itumike, ya Warioba au Inayopendekezwa. Mimi ningeanza na kitabu chembamba kuliko vyote viwili, kitabu cha kanuni.

Theluthi mbili za pande mbili zibaki, lakini zitumike na kwa anayetaka kufuta pendekezo la msingi la rasimu, siyo kwa kupitisha pekee. Mwenye wazo la kuondoa ibara atafute theluthi mbili za Bara na za Zanzibar, na atalazimika kwenda kuongea na watu asiowapenda. Kura ya ibara za msingi iwe ya siri kwa wote, na kanuni ya kura isiguswe tena baada ya siku ya kwanza ya mjadala. Maoni ya walio wachache yasomwe, na upande wa wengi uyajibu kwa maandishi kabla kura haijaitishwa. Bila jibu, hakuna kura. Kamati ikikosa theluthi mbili, jambo hilo litoke mikononi mwake kwa siku zilizotajwa na liende kwa kundi dogo lenye idadi sawa ya pande zinazobishana, siyo idadi inayofuata wingi wa viti. Fundo gumu lisitangulie. Wakubaliane kwanza haki za binadamu, ardhi, miiko ya uongozi, wapate mazoea ya kukubaliana.

Tena Tume ikae ukumbini hadi kura ya mwisho, bila haki ya kupiga kura, ikiwa na haki ya kujibu.

Hili la Tume nimeliweka mwisho kwa sababu ya tarehe 2 Novemba 2014. Siku hiyo Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mdahalo katika hoteli ya Blue Pearl, Ubungo Plaza, Dar es Salaam, ili waliokuwa wajumbe wa Tume waeleze wananchi tofauti ya rasimu yao na Katiba Inayopendekezwa. Ulikuwa mwezi mmoja tu tangu Bunge Maalum limalize kazi. Jaji Warioba akiwa anazungumza, vurugu zilizuka, vijana wakaanza kurushiana viti, na mzee yule aliyewahi kuwa Waziri Mkuu akatolewa ukumbini huku watu wakimkinga.